Kamera Tumboni, Meno Mfukoni

Jumatatu, 2 Juni

Nimetoka hospitali. Habari mbaya! Si ya tumbo. Ya meno.

Tumbo lenyewe tunajuana. Linachoma chini ya kifua, likishiba linachoma, likiwa tupu linachoma. Daktari alinibonyeza, akauliza vidonge vya mgongo nimevimeza kwa muda gani. Nikasema tangu nianze ufundi wa makochi, maana kochi halitengenezwi mtu akiwa amesimama wima. Akaguna. Akasema dawa za kiungulia sasa zimetosha, Alhamisi nitaingizwa mpira mwembamba mdomoni, wenye taa na kamera, ushuke mpaka tumboni wajionee. Nikauliza kama hawawezi kuangalia kwa nje. Akasema kwa nje ndiyo ameshaangalia hivi punde, na hakuona kitu.

Nikapelekwa kwa nesi wa maelezo. Mama mnene, mpole, hana haraka. Akasema usile kitu kuanzia usiku wa kuamkia kipimo, maana tumbo lenye chakula halionekani, na chakula kinaweza kupanda kikaingia kwenye mapafu. Taja dawa zote unazotumia, hasa zile za kulainisha damu. Vua miwani. Vua meno ya bandia.

Kuanzia hapo sikusikia vizuri.

Meno yangu manne ya mbele, ya juu, ni ya bandia. Anayejua ni aliyeyatengeneza, naye alihama mji. Nesi akaendelea: ukitaka sindano ya usingizi, uje na mtu mzima wa kukurudisha nyumbani, bila yeye sindano hakuna. Na huyo mtu ndiye atakayekushikia vitu vyako. Saa. Simu. Miwani. Na meno, akasema, huku akinitazama mdomoni kabisa.

Ninaye mtu wa kunisindikiza. Hapo ndipo balaa ilipo. Ni jirani yangu, mshonaji wa mapazia, tunamwita Mama Pazia. Karakana yake na yangu zinatenganishwa na ukuta wa mbao nyembamba, nikikohoa ananiambia pole. Ni mjane. Nimemwomba tuoane. Ameahidi kunijibu Jumapili, kwa sharti moja tu: nisimfiche ugonjwa. Marehemu mumewe alikuwa akishika tumbo na kusema ni gesi tu, mpaka siku aliyozikwa. Nikala kiapo palepale. Nilikuwa natabasamu, na anasema tabasamu langu ndilo lililomvuta.

Sasa nimwite aje anishikie tabasamu kwenye kikopo?

Jumanne, 3 Juni

Nimefikiri sana. Nina mpango.

Kwanza niliupitia mpango wa kijasiri: niikatae sindano, nipuliziwe tu dawa ya ganzi kooni, mpira uingie nikiwa macho. Nesi alisema wengi wanaweza, na koo likiamka mtu anajiendea zake nyumbani peke yake. Nikajaribu nyumbani kwa kijiko. Sitasimulia. Mimi hata mswaki ukizidi kuingia ndani, naona nyota.

Mpango wa pili ulikuwa dada yangu mkubwa. Nao nikautupa. Dada ni rafiki wa Mama Pazia, na siri kwake haimalizi kikombe cha chai.

Yule fundi simu wa ng'ambo ya barabara, Chaji, sikumfikiria hata kidogo. Ana meno yake yote thelathini na mbili na anamchekea nayo Mama Pazia kila asubuhi. Leo ameniuliza mbona nimepungua. Nikamwambia nafanya mazoezi. Akacheka. Yote thelathini na mbili.

Ndipo nilipokwenda kutoa damu ya vipimo, nikakaa benchi moja na mzee mrefu mwenye sauti ya amri. Aliwahi kuwa refa wa mpira. Naye Alhamisi anaingizwa kamera. Naye hana wa kumsindikiza, kasema timu zote mbili zilimchukia. Tukatazamana.

Mimi nitaandikisha kwamba nimekuja na yeye. Yeye ataandikisha kwamba amekuja na mimi. Kila mtu ana mtu wake! Refa akanipa mkono akasema mchezo ni halali. Nimeshangaa kwamba hospitali nzima haijawahi kufikiria jambo rahisi namna hii.

Jumatano, 4 Juni

Nimemwambia Mama Pazia kesho nasafiri kutafuta kitambaa cha mahameli, nitarudi keshokutwa. Nilidhani ataniambia safari njema, basi. Akafurahi. Akasema kama nitaona bitana ya rangi ya maziwa nimletee kipande cha kuonyesha. Akauliza tumbo linaendeleaje.

Nikasema ni gesi tu.

Yalinitoka yenyewe! Nikaona uso wake unabadilika kidogo, kama mtu aliyesikia mlango ukifungwa chumba cha pili. Nikaongeza haraka kwamba nilikula maharage mengi. Akasema sawa fundi, akarudi kwenye cherehani yake. Nimejuta mpaka sasa. Lakini mtu akishapanda juu ya uongo ashukie wapi?

Alhamisi, 5 Juni. Asubuhi, benchi la hospitali

Naandika hapa huku Refa akifanya mazoezi ya shingo.

Nilipitia karakana kuchukua koti. Mama Pazia alikuwa mlangoni ananisubiri. Kaamka mapema kunifungia chakula cha safari! Mkate na mayai ya kuchemsha, ya moto bado, ndani ya kitambaa alichokipinda pindo mwenyewe. Akasema hatanipa njia mpaka nile hata yai moja mbele yake, maana tumbo tupu ndilo linaloleta gesi.

Sijawahi kupikiwa yai la kusafiria na mtu yeyote. Ningelia. Lakini usiku mzima sijatia kitu mdomoni, nimefunga sawasawa, na nesi alinionya kwamba nikila kipimo kinaahirishwa. Nikatia yai mdomoni. Nikaligeukia kochi la mteja wangu, mwalimu mkuu, kama ninayelikagua, nikalitemea yai kwenye upenyo wa mto. Nikageuka nikitafuna upepo. Akauliza kama chumvi imetosha. Nikasema imekolea kabisa.

Akanipungia mkono mpaka nikapotea kwenye kona. Moyo unaniuma kuliko tumbo.

Wananiita. Mezani wameuliza nimekuja na nani. Nikamwonyesha Refa, kifua mbele. Wameuliza dawa zangu, nimetaja zote, hata zile za mgongo ninazomeza mbilimbili. Kwa wageni mimi ni mkweli sana.

Ijumaa, 6 Juni

Jana imenitoroka. Nina vipande tu.

Nakumbuka dawa ya kupuliza, chungu kama ganda la chungwa, na koo likawa si langu. Nesi akaniambia mate nisiyameze, niyaache yatiririke, hapo hakuna anayeona aibu. Nililala ubavu wa kushoto. Nikang'ata pete ya plastiki ya kupitishia mpira, na pale mbele penye pengo ikawa inacheza, nesi akaishika kwa kidole. Mungu ambariki. Meno yangu yalikuwa kwenye kikopo chenye kifuniko, kwenye mfuko wa shati la Refa. Halafu sindano. Halafu hakuna kitu! Mpira niliokuwa nikiuogopa siku nne sikuuona hata ukipita.

Yanayofuata nimeyapata kwa wengine. Niliamka, au mwili wangu uliamka, nikawa nazungumza vizuri tu na kila mtu. Nesi alishanionya: dawa hii unaongea na huku kumbukumbu haiandiki. Refa akanirudishia kikopo na simu, akaingia yeye. Alipotolewa walimlaza kitanda cha pili. Nesi mkuu akaja akasema haya, waliokuja na wagonjwa hawa wasogee. Refa, macho yamefumba, akanyoosha kidole kwangu. Mimi nikanyoosha kwake.

Nesi mkuu akatutazama, kitanda hadi kitanda. Inasemekana alikwenda kwanza dirishani kutuliza hasira. Akasema sheria ile haikuwekwa kwa ajili ya kujaza karatasi, kwamba mwaka fulani mgonjwa mmoja aliyejiona mzima alishuka ngazi za nje kwa uso. Refa alimwonyesha kadi ya njano ya hewani.

Wakamwita dada yangu, namba yake iko kwenye jalada. Akaja na mwavuli, akatusomba wote wawili, mmoja kila mkono, akinisema njia nzima kama mtoto aliyekojoa kitandani. Meno nilishayarudisha mahali pake. Hakuna wa kwetu aliyeona. Koo linakwaruza kidogo na nimebeua hewa waliyonipulizia tumboni, basi. Wamekata kinyama kidogo cha kupima, sikuhisi. Kipimo chenyewe ni jambo dogo mno. Ningejua!

Nesi alisema mpaka siku nzima ipite nisiendeshe chombo, nisishike mashine, nisitie sahihi ya maana. Mimi leo asubuhi nikaona kichwa chepesi, nikachukua stepla kubwa ya makochi. Nikajipigilia mkono wa shati kwenye kochi la mwalimu mkuu. Pini tisa au kumi hivi, kabla sijagundua kwamba kitambaa kile ni changu.

Nikaita. Mama Pazia akaja na mkasi. Akauliza safari ilikuwaje. Nikasema njema. Akauliza kama nilipata mahameli. Nikasema yameisha mji mzima. Akauliza tena, pole pole, kama hakuna jambo lingine la kumwambia. Nikasema hakuna. Akakata mkono wa shati begani, mkato mmoja ulionyooka, akaondoka na mkasi wake.

Nilikaa kwenye kochi kutafakari. Nikakalia yai.

Jumamosi, 7 Juni

Mama Pazia hajanisemesha. Nilikohoa mara kadhaa kwenye ukuta wa mbao. Hakuna pole. Nikakohoa kwa uchungu zaidi. Akaongeza mwendo wa cherehani.

Dada! Nani mwingine? Nikaenda kwake kama moshi. Nikamwambia amemwaga siri yangu, kwamba mdomo wake utanizika bila mke. Nilisema na mengine. Dada aliniacha nimalize. Akasema tangu Alhamisi hajaonana na Mama Pazia wala kuongea naye, alikuwa ananipikia uji laini, maana nesi alimwambia nianze na vitu laini. Akaniwekea bakuli mezani akaenda kulala mchana, yeye ambaye halali mchana. Nikaunywa uji wote. Ulikuwa na mabonge ya huzuni.

Wakati wa kurudi Chaji akanisimamisha. Hakucheka, na hilo likanitisha. Akauliza nimeponaje. Nikauliza nimepona nini. Akanitazama kama simu iliyoingia maji. Akasema Alhamisi mchana Mama Pazia alitoka mbio karakana, kaacha pazia la mteja limening'inia kwenye sindano, akamwomba ampakie kwenye pikipiki. Alikuwa amepigiwa simu.

Na nani, nikauliza.

Na wewe, akasema.

Nikafungua simu. Ipo! Alhamisi mchana, mazungumzo marefu. Mimi mwenyewe! Nililala kitandani pale, kumbukumbu imezimwa, nikampigia mtu niliyekuwa namficha nikamweleza nilipo.

Chaji akanisimulia njia nzima ilivyokuwa. Mama Pazia alikuwa analia mgongoni kwake. Alimwambia sauti yangu haikuwa ya kawaida, maneno yalikuwa yanavuja, s hazitoki, kama mtu aliyepooza upande mmoja. Alidhani nimepata kiharusi.

Meno yalikuwa kwenye kikopo.

Walipofika getini simu yake ikalia, mimi tena. Nikamwambia, na Chaji alisikia kwa masikio yake, asije, nina mtu wangu wa kunisindikiza, tumeelewana vizuri. Mama Pazia akasimama pale getini na kitambaa chake mkononi. Kisha akamwomba Chaji amrudishe.

Chaji akarudi kwenye simu zake. Heri angecheka.

Jumapili, 8 Juni

Siku ya jibu.

Nilivaa shati lenye mikono yote miwili. Mama Pazia alikuwa karakana, Jumapili, anamaliza lile pazia la Alhamisi. Sikuthubutu kuingia mlangoni. Nikaongea kupitia ukuta wa mbao. Nikamwambia ni kipimo tu, si kiharusi, sikutaka kumtia hofu.

Cherehani ikasimama. Akasema hofu anaijua, ameishi nayo, si hiyo iliyomrudisha. Akasema alikaa getini akijiuliza huyo mtu wangu ni nani niliyemwona anafaa kukaa kando ya kitanda changu kuliko yeye. Alisema Ijumaa aliniuliza akiwa ameshika mkasi, akanipa nafasi, na mimi nikamtazama usoni nikasema mahameli yameisha. Alishamzika mwanamume mmoja wa gesi tu. Wa pili hamtaki.

Nilikuwa na jibu. Lingetosha neno moja, neno lenyewe lipo mdomoni mwangu, linashikiliwa na kamba mbili za waya. Angecheka. Nadhani angecheka. Nikafungua mdomo.

Nikasema basi mama, kazi njema.

Nimekaa humu ndani na sponji na misumari, namsikia anashona. Hakuna anayejua kwamba nalia, maana nimejifunza kulia bila kukohoa. Nimeokoa meno manne.

Jumatano, 11 Juni

Majibu. Kidonda cha tumbo, si saratani. Kuna bakteria na kuna vidonge vyangu vya mgongo, vimesaidiana kazi. Nimepewa dawa za kuua bakteria na za kukausha asidi, nimeze zote hata nikijiona nimepona, na vile vidonge vya mgongo marufuku. Baada ya wiki kadhaa nirudi kuingizwa kamera tena, waone kama kidonda kimefunga. Daktari akasema safari hii nije na mtu. Akalirudia hilo.

Nilifurahi mpaka kwenye ngazi. Kwenye ngazi nikatoa simu nimpigie mtu wa kumwambia kwamba sifi. Nikaiangalia ile simu. Nikairudisha mfukoni.

Nikakutana na Refa getini. Yake pia ni salama. Akapendekeza kwa kipimo kijacho tubadilishe mbinu, tuandikishe kwa majina ya kubuni. Nikamwambia nimeachana na ujanja. Nilisema kwa dhati kabisa.

Alhamisi, 12 Juni

Dada amekuja! Nilikuwa nimemwomba radhi tangu juzi, akanisamehe kwa kunipiga na mwavuli. Leo kaleta ujumbe.

Amekaa na Mama Pazia jana jioni yote. Mama Pazia amesema hana hasira tena, ana uchovu. Amesema ile sauti ya kwenye simu anaisikia mpaka leo, na anajua lipo jambo la mwili ambalo bado namficha. Hataliuliza. Ila nikienda mwenyewe, kwa miguu yangu, nikamwambia jambo hilo bila kuulizwa, liwe dogo liwe kubwa, basi kipimo kijacho atanisindikiza yeye na atanishikia vitu vyangu vyote. Na la Jumapili ile litazungumzika.

Dada akanishika shavu. Aliniambia mdogo wangu, mwanamke huyu anataka kukuona ulivyo, hataki kingine. Nikalia mbele yake bila aibu. Nimekuwa mjinga! Mtu anakimbia na pikipiki ya Chaji kwa ajili yangu na mimi namjibu kwa mahameli. Sistahili hata pindo la kitambaa chake. Nimeapa, na safari hii naapa humu ninapoandika peke yangu, kwamba kesho asubuhi nitaingia kwa mlango, nitakaa kwenye kigoda chake, nitamtazama machoni nimwambie kasoro yangu ya mwili bila kuulizwa.

Nimewaza mchana kutwa kasoro ipi.

Goti. Nitamwambia goti linaniuma miaka mingi na nimekuwa nikimficha. Ni jambo la mwili, ni la siri, ni la heshima. Goti haliniumi, lakini hilo anaweza kulijua nani? Nimeanza kuchechemea tangu alasiri ili nizoee, nimezunguka karakana mpaka jasho limenitoka, na Chaji kutoka ng'ambo ameniuliza nimeumia wapi. Inaonekana kweli kabisa.

La kushoto. Nisisahau, ni la kushoto.